Kamba ya Tanga na kamba isiyooza

Ukisafiri kutoka Segera kwenda Tanga, chungulia dirishani. Safu za mkonge zinafuatana mpaka macho yanachoka. Wengi wetu tulikutana na mkonge darasani kama swali la jiografia: taja mazao ya biashara. Ukiutaja unapata maksi zako, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba zao hili lina uhusiano na taka za plastiki zinazozagaa mashambani leo.

Haya, tuanze mwanzo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000.

Nani alikuwa ananunua? Soko kubwa lilikuwa wakulima wa Ulaya na Marekani. Mashine zao za kufunga majani makavu ya mifugo zilitumia kamba za katani. Kamba ikikatwa na kudondoka shambani, inaoza, udongo unaimeza, mambo yanaisha. Hakuna aliyehitaji semina ya mazingira.

Mwaka 1954 nchini Italia, Giulio Natta akatengeneza plastiki iitwayo polipropilini. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Punde kamba za plastiki zikaingia sokoni: nyepesi, bei poa, tena haziozi. Bei ya mkonge ikaporomoka. Tusidanganyane lakini, plastiki haikutuangusha peke yake. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 na uendeshaji wake ukayumba. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi.

Sasa angalia kejeli ya historia. Ile sifa ya kutooza ndiyo imekuwa balaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2021 kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kwa mwaka. Ng'ombe akimeza kipande cha kamba, tumboni hakisagiki. Kwetu kuna viriba vya miche, sandarusi, na chupa za viuatilifu.

Utasema turejeleze. Sawa, ila plastiki ya shambani inakuja na udongo, majani na sumu, na jua limeshaikausha. Kuisafisha ni gharama. Brazil walilitambua hilo. Sheria yao ya mwaka 2000 inamtaka mkulima asuuze chupa ya kiuatilifu na kuirudisha, muuzaji aweke mahali pa kuipokelea, na mtengenezaji aichukue. Leo zaidi ya asilimia 90 ya vifungashio hivyo vya plastiki vinarudi. Na kwa taarifa yako, Brazil hao hao ndio waliotupita kwenye mkonge.

Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Hatua nzuri, lakini kanuni zile ziliacha nje vifungashio vya kilimo. Ndiyo maana mama anaenda sokoni na kikapu, wakati nyanya anazokwenda kununua zimeacha chupa tupu za sumu kando ya mto.

Mimi sisemi mkonge ni dawa ya kila kitu. Huwezi kusuka bomba la umwagiliaji kwa katani. Lakini kamba unaweza, na gunia unaweza. Kwa vile visivyowezekana, aliyeuza chupa aipokee ikirudi. Miaka sitini iliyopita tuliwauzia wazungu kamba inayooza. Leo mkulima wa Muheza, jirani kabisa na mashamba ya mkonge, anafunga mzigo wake kwa kamba ya plastiki. Hili halikuumizi kichwa, ndugu yangu?