Uganda na Saratani ya Taya za Watoto

Ndugu msikilizaji, ziko saratani ambazo daktari wa Ulaya aweza kutibu wagonjwa miaka mingi asikutane nazo. Uchache huo ndio unaozifanya ziwe ngumu kueleweka. Mojawapo ni saratani ya tezi inayowashika watoto, ambayo siri yake ilianza kufichuliwa kwa jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Punde si punde akamwona mwingine huko Jinja. Alipopekua majalada ya hospitali, alibaini kwamba wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe tumboni pia. Yaliyokuwa yakiandikwa kuwa maradhi mbalimbali yalikuwa maradhi mamoja. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1958.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha maili 10,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ikatoa jibu: ugonjwa ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Huko kwenye joto na mvua ndiko malaria inakostawi. Kisha, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza huko London kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Leo inafahamika kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote, wala peke yake hakitoshi kuleta saratani hii. Malaria ya mara kwa mara humfungulia mlango.

Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo Mulago, na watoto wakatibiwa kwa dawa badala ya kisu. Utawala wa Idi Amin ulipowafanya wataalamu wa kigeni waondoke, kazi haikufa: Mganda, Dakta Charles Olweny, aliishika.

Ndugu msikilizaji, ugonjwa huu umepewa jina la daktari; majina ya watoto waliotoa elimu hiyo kwa miili yao hayatajwi. Hata hivyo deni lao lipo. Katika nchi tajiri, watoto walio wengi hupona saratani hii. Katika Afrika, ilikofahamika kwanza, wanaopona ni wachache zaidi, kwa kuwa wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, na dawa huwa adimu au ghali.

Uvimbe huu hukua upesi mno, nao hauoni haya wala hausubiri. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humwumbua. Mzazi aonaye taya la mwanawe linavimba na meno yanalegea, asingoje wiki ya pili. Nazo serikali zetu zihakikishe kwamba akifika, dawa anaikuta.