Pakia: kupakia faili nyingi bila kusubiri

pakia *kitenzi elekezi* 1 weka mzigo au abiria katika chombo cha usafiri: *Wachukuzi wamepakia magunia ya unga katika boti ya Nansio.* 2 (kompyuta) hamisha faili kutoka katika kifaa cha mtumiaji na kuiweka katika seva: *Mwanafunzi amepakia picha za utafiti wake.* Mnyambuliko: *pakilia, pakiwa, pakiza.* Kinyume: *pakua.*

Mwelekeo wa kitenzi

Pakia na pakua hutazama mambo kwa jicho la chombo. Katika bandari ya Mwanza, saruji inayoingizwa melini kwenda Bukoba hupakiwa. Ndizi zinazotolewa melini kuja nchi kavu hupakuliwa. Kiambishi *-u-* cha kutendua, kinachoonekana pia katika *funga* na *fungua*, ndicho kinachogeuza mwelekeo. Hata wali hupakuliwa, kwa sababu hutoka chunguni kwenda sahanini.

Lugha ya kompyuta imefuata picha hiyohiyo. Seva ndiyo meli, na mtumiaji yuko nchi kavu. Anachokipeleka kwenye seva amekipakia. Anachokichukua kutoka huko amekipakua.

Utata huzuka pale kitenzi hicho kinapotumiwa pia kwa ukurasa unaofunguka, kama katika ujumbe *Inapakia…* Data ya ukurasa hutoka kwenye seva na kuja kwa mtumiaji, yaani kinyume cha maana ya 2. Mtu aliyetuma faili na kuona neno hilo peke yake hawezi kujua kama faili yake inakwenda au kama ukurasa wenyewe ndio unaokuja. Ni afadhali kutaja mtendwa: *Faili inapakiwa*, na kwa ukurasa, *Ukurasa unafunguka*.

Nani hasubiri?

Programu nyingi za wavuti humruhusu mtumiaji kuchagua faili kadhaa na kuzipakia kwa njia ambayo Kiingereza huiita kwa neno linaloweza kutoholewa kuwa *asinkroni*. Mizizi yake ya Kigiriki hubeba dhana tatu: kutokuwapo, pamoja, na wakati. Mfasiri anayefuata mizizi hiyo huandika *si kwa wakati mmoja*, na hapo hupotosha. Msomaji huelewa kwamba faili zitakwenda moja baada ya nyingine, ilhali mara nyingi kadhaa huwa zinakwenda pamoja. Kinachokanushwa katika istilahi hii ni kusubiri.

Tofauti hiyo huonekana wazi ufukweni. Tuseme mfanyabiashara katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, ana magunia kumi na mawili ya kupeleka Ukerewe.

Akimkabidhi mchukuzi mmoja gunia, akasimama kumtazama mpaka arudi ndipo ampe jingine, kazi ni ya *kusubiri*. Akimwachia mchukuzi huyohuyo magunia yote, yeye akaendelea na hesabu zake na kupewa taarifa kila gunia linapofika, kazi ni ya *bila kusubiri*, ingawa magunia bado yanakwenda moja moja. Akiajiri wachukuzi sita wanaobeba pamoja, kazi ni *sambamba*. Na kama yeye amesimama tu mpaka wote wamalize, ni sambamba lakini bado anasubiri.

Kwa hiyo *sambamba* hueleza idadi ya kazi zinazokwenda pamoja, na *bila kusubiri* hueleza hali ya aliyeziagiza. Istilahi hizo mbili hazibadilishani nafasi. Usambamba nao una mpaka: ubao wa kupandia botini haupitishi watu wote kwa mara moja, na vivinjari vingi, vinapotumia HTTP/1.1, hufungua miunganisho isiyozidi sita kwa seva moja. Faili ya saba hukaa foleni.

Kiswahili kina faida moja hapa. Neno la Kigiriki halisemi ni nani asiyesubiri. Kitenzi cha Kiswahili hulisema kwa mnyambuliko. *Bila kusubiri* humhusu mtumiaji au programu inayoendelea na shughuli nyingine. *Bila kusubiriana*, yenye kiambishi *-an-* cha kutendana, huzihusu faili zenyewe: hakuna inayoizuia nyenziye. Kabla ya kuchagua, mfasiri ajiulize ni nani hasubiri.

Ujumbe kwa mtumiaji

Kosa la tafsiri katika eneo hili huwa na gharama. Anayeambiwa *Subiri* pasipo sababu huacha kazi aliyoweza kuiendeleza. Anayeambiwa *Endelea* bila maelezo zaidi huenda akafunga ukurasa, na faili ambazo hazijafika zikakatika njiani. Linganisha:

- Haitoshi: *Faili zako zinapakiwa. Endelea.*
- Afadhali: *Faili zako zinapakiwa. Unaweza kuendelea kujaza fomu, lakini usifunge ukurasa huu.*

Taarifa ya kushindwa nayo itaje faili husika. Gunia moja likianguka majini, yaliyokwisha kuingia botini hayarudishwi ufukweni. Ujumbe *Upakiaji umeshindikana* humfanya mtumiaji atume upya faili zote kumi na mbili na kumaliza bando lake, kumbe iliyokwama ni moja. Iandikwe: *Faili 11 zimepakiwa. Faili 1 haikupakiwa, jaribu tena.*

Mfano huo unaonyesha pia upatanisho wa kisarufi. Programu yenye sentensi moja tu, ambamo tarakimu pekee ndiyo hubadilika, itatoa *\*Faili 1 zimepakiwa*. Mfasiri aombe nafasi ya sentensi mbili, ya umoja na ya wingi. Kuhusu ngeli, *faili* hutumika katika I-ZI (*faili hii, faili hizi*) na katika LI-YA (*faili hili, mafaili haya*). Zote mbili zinakubalika, lakini zisichanganywe katika programu moja. Makala haya yanatumia I-ZI.

Katika maelezo ya msimbo

Maneno ya lugha ya JavaScript kama `async` na `await` ni sehemu ya msimbo na hayatafsiriwi. Dhana zake ndizo zinazofafanuliwa. Kitu kinachoitwa `Promise` chaweza kuelezwa kwa neno *ahadi*: kazi imepokelewa, na jibu litakuja baadaye, liwe la kufanikiwa au la kushindwa.

Vitenzi *fanikiwa* na *malizika* vitenganishwe kwa uangalifu. `Promise.all` hufanikiwa pale ahadi zote zinapofanikiwa. Moja ikishindwa, hutangaza kushindwa papo hapo, ingawa faili nyingine zaweza kuwa bado zinakwenda. `Promise.allSettled` hungoja ahadi zote *zimalizike*, kisha hutoa matokeo ya kila moja. Mfasiri akiandika *zikikamilika* kwa zote mbili, mwanafunzi hatajua ni ipi itakayomwezesha kutaja faili iliyokwama.

Tazama pia: *pakua, sambamba, sawia, shehena, subiri.*