Habari za Mwanafunzi Aliyefundishwa na Kijiji

Katika kijitabu hiki cha jubilii zimeandikwa habari za shule na zahanati zetu, jinsi zilivyoanza na jinsi zilivyokua. Tumeona vema kuongeza habari moja iliyotoka mbali kidogo, kwa sababu yagusa swali ambalo wazee huuliza katika parokia nyingi: Mbona watoto wetu wakiisha kusomea udaktari au uuguzi hawarudi shamba? Wengine husema wamekosa moyo. Sisi twaona kwamba mtu huvutwa sana na mahali alipojifunzia kazi. Naye aliyejifunzia mjini tu, mji ndio anaoujua.

Mwaka 1940 Daktari Sidney Kark na mkewe, Daktari Emily Kark, walifungua kituo cha afya huko Pholela, katika nchi ya Natal, Afrika ya Kusini, chini ya milima ya Drakensberg. Wenyeji ni Wazulu. Ardhi yao ilikuwa imechoka, na wanaume wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi migodini. Pamoja na madaktari hao walikuwapo Edward Jali, msaidizi wa daktari, na mkewe Amelia, muuguzi, walioijua lugha na desturi za watu. Hao wote hawakungoja wagonjwa waje mlangoni. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakiuliza na kuandika. Wakawafundisha vijana wa mahali pale kuwa wasaidizi. Wakahimiza bustani za mboga na kuchimba vyoo. Miaka ilipopita, vifo vya watoto wachanga vikapungua sana.

Mwaka 1957 akaja mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, jina lake Jack Geiger, akakaa miezi mitano, huko Pholela na katika mtaa wa Lamontville karibu na Durban. Hospitalini mwanafunzi humwona mgonjwa kitandani tu. Pholela mgonjwa alitazamwa pamoja na nyumba yake, maji yake, shamba lake na chakula chake. Ndipo Geiger alipofahamu kwamba daktari aweza kuiponya nchi ya mgonjwa, si mwili wake tu.

Serikali ya ubaguzi wa rangi haikuipenda kazi ile, na mwaka 1958 akina Kark wakaondoka katika nchi ile. Mtu angedhani ya kuwa kazi yao imekufa, kumbe mbegu ilikwisha chukuliwa. Mwaka 1964 Geiger, sasa ni daktari, alikwenda Mississippi, kusini mwa Marekani, kuwasaidia watu waliokuwa wakidai haki za Weusi. Akaona umaskini unaofanana na ule wa Natal, akaikumbuka Pholela. Mwaka 1965 yeye na Daktari Count Gibson wakafungua kituo cha afya Columbia Point, katika mji wa Boston, kisha kingine Mound Bayou, katika nchi ya pamba ya Mississippi. Huko Mound Bayou madaktari waliwaandikia watoto wenye njaa cheti cha chakula, kama mtu aandikavyo dawa, na fedha za dawa za kituo zikalipa. Wakubwa wa Serikali walipolalamika, Geiger alijibu kwamba dawa ya njaa ni chakula. Leo vituo vya namna hiyo katika Marekani huwahudumia watu zaidi ya milioni 30. Geiger alikufa mwaka 2020, mwenye umri wa miaka 95.

Lakini tusijidanganye. Geiger alikwenda kwa hiari yake, na moyo wake ulikwisha elekea huko. Si kila apelekwaye shamba atakayelipenda. Kwa hiyo wengine wametafuta njia iliyo imara zaidi. Japani ilianzisha chuo cha Jichi mwaka 1972. Kila jimbo kati ya majimbo 47 hupeleka vijana wawili au watatu, nao wakiisha kusoma hurudi kulitumikia jimbo lao. Ingwavuma, katika nchi ile ile ya Natal, vijana wa vijijini husaidiwa karo, na wakati wa likizo hufanya kazi katika hospitali ya kwao. Makerere nayo tangu mwaka 2003 huwapeleka wanafunzi wake wakajifunze kati ya watu. Mwaka 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mambo hayo mawili pamoja: kuwachagua wanafunzi waliozaliwa shamba, na kuwafundisha shamba wakiwa bado masomoni.

Basi, walimu, neno la kwanza ni lenu. Mtoto wa kijijini asiyefundishwa vema hesabu na sayansi hataufikia mlango wa chuo, wala hatukuwa na daktari wa kurudi.

Neno la pili ni letu sote. Mwanafunzi akija katika zahanati yetu, asipate mahali pa kulala, wala mkubwa wa kumwelekeza, wala jirani wa kumwamkia, atahesabu siku zake mpaka gari lije. Hapo tutakuwa tumemfundisha kukimbia. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumpokee kwa heshima, kisha tumpe jembe: tumpeleke majumbani, tumwonyeshe visima vyetu na wagonjwa wetu wasioweza kutembea. Huenda asirudi. Lakini akirudi, atakuwa amerudi mahali anapopajua, kwa watu wanaomjua jina.