Mtoto Mtukutu na Hukumu Yetu

Katika karne ya 19, mtoto wa Chicago, Marekani, akiiba alisimamishwa mbele ya mahakimu wale wale waliohukumu watu wazima. Mwaka 1899 mji huo ulifungua mahakama ya watoto peke yao. Miaka kumi baadaye daktari William Healy akaanza kuwachunguza watoto waliorudishwa pale mara kwa mara: afya zao, akili zao na nyumba walizotoka. Hakutosheka kuuliza, "Amefanya nini?" Aliuliza pia, "Kwa nini?"

Likabaki swali la pili: watoto hao huishia wapi? Mwaka 1966 Bibi Lee Robins, mtaalamu wa St. Louis, alilijibu. Alifuatia maisha ya watu 524 waliopelekwa kliniki utotoni, yapata miaka 30 nyuma. Akaona kwamba watu wazima wenye uovu wa kudumu, karibu wote, walianza utotoni. Lakini watoto watukutu walio wengi hawakuishia hivyo.

Basi leo madaktari hawamhukumu mtoto kwa kosa moja. Hutazama mwenendo wa mwaka mzima: kupiga wenzake, kutesa wanyama, kuharibu mali, kuiba, kudanganya, kutoroka shule. Makosa yakiwa kadhaa, tena yakirudiwa, ndipo huyaita maradhi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mwalimu amwitaye mtoto "mwizi" mbele ya darasa hajamkunja, amemvunja.