Kisiwa cha Kutorudi

Hadithi ya Envaitenet ilinipata kwenye simu, nikiwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Thika Road. Video ya dakika sita hivi: kisiwa katika Ziwa Turkana, huko jangwani kaskazini, ambako ukienda hurudi. Eti kijiji kizima kilitoweka, samaki wakabaki motoni. Nisikudanganye, niliamini.

Kuna kipande cha kweli humo. Mwaka 1934, Mwingereza Vivian Fuchs aliongoza msafara wa kisayansi kwenye ziwa hilo, enzi hizo likiitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Walitafutwa, miili yao haikupatikana. Hicho kijiji cha samaki motoni, mpaka leo sijaona anayetaja jina la hata mkazi mmoja.

Baadaye nilifika Loiyangalani, ng'ambo ya kisiwa. Usiku wa kwanza sikulala. Upepo ulipiga mabati mpaka asubuhi, nikadhani paa linaondoka. Nilimuuliza mvuvi mmoja wa Kielmolo, "Mzee, ni majini?" Akacheka.

"Mjukuu wangu, wale walivuka tu. Sisi hungoja upepo uchoke."

Wanasayansi nao wanaujua vizuri. Hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kama maji ukiziba nusu ya mdomo wa mpira, kisha hufyatuka. Huwa kali usiku hadi asubuhi, na hupungua alasiri. Ukiwa na mashua ndogo, hesabu ni hiyo tu. Upepo huohuo sasa unazungusha mitambo 365 karibu na hapo, megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kuingia gridi ya taifa. Pengine ndio uliochaji simu niliyotazamia ile video.

Kinachoniuma ni hiki: kwenye simu zetu watu wa ziwa hili ni wale waliotoweka. Wapo. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, maji yakakizunguka kijiji chao cha Komote na kufunika makaburi ya wazee wao. Watoto wakawa wanavuka kwa mashua kwenda shule, asubuhi, upepo ukiwa bado haujachoka. Hiyo haikuwa kwenye video.