Seva isiyouliza neno la siri

Juzi nimefanikiwa kutuma faili zangu kwenye seva ya mbali bila kuandika neno la siri hata mara moja. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Sasa si umeacha mlango wazi?" Nikaingia kwenye historia.

Kumbe kuingia bila neno la siri ni mambo ya zamani. Mwaka 1983 Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD, tayari ilikuwa na rsh na rcp. Unaandika kwenye faili la .rhosts jina la kompyuta unayoiamini, basi, anayetokea huko anapita. Ni kama mlinzi wa geti akuulize unatoka wapi, ukisema "bweni namba mbili" anafungua, kitambulisho haangalii. Ule mnyoo wa Robert Morris wa Novemba 1988 ulitumia imani hiyohiyo, kati ya njia zake, kuruka kompyuta hadi kompyuta. Telnet na FTP ziliuliza neno la siri, lakini lilipita kwenye waya bila kufichwa. Aliyetega sikio alilisoma.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1995 huko Finland: maneno ya siri yakanaswa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH. (Msimtafute Tanga jamani, kwa Wafini Tatu ni jina la kiume!) Julai mwaka huohuo akaitoa bure, na akaiombea namba ya poti. Akapewa 22, katikati kabisa ya FTP yenye 21 na telnet yenye 23, zilezile alizotaka kuziondoa. Rcp nayo ikapata mrithi, scp. Mwaka 1999 watu wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, ambayo wengi wetu tunaitumia.

Wazo la funguo mbili lilitangazwa na Diffie na Hellman mwaka 1976. Ufunguo wa wazi unauweka kwenye seva, kwenye authorized_keys. Wa siri unabaki nao. Seva haijali unatoka wapi. Inataka uthibitishe kwamba ufunguo wa siri unao, na unathibitisha bila ufunguo wenyewe kusafiri.

Nikamweleza jamaa yote hayo kwa mbwembwe. Akauliza tena, "Na huo wa siri uko wapi?"

Kwenye kompyuta ya maabara. Tunayotumia darasa zima. Tena sikuufunga kwa neno lolote.

Nilirudi usiku uleule nikaufuta, nikamwondoa na pacha wake kwenye seva, nikatengeneza mwingine kwenye laptop yangu.