Mkondo wa Pili: Historia Fupi ya Kuchepusha Maandishi ya Programu

Kitenzi "chapisha", kama kitumiwavyo na watunzi wa programu, kina historia ambayo wanaisimu hatuna budi kuizingatia kabla ya kukimbilia kuunda istilahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell huko Murray Hill, Marekani, programu iliyoamriwa kuchapisha ilichapisha kwelikweli: mashine ya Teletype Model 33 iligonga herufi kumi kwa sekunde juu ya karatasi. Kiwambo kilipochukua nafasi ya karatasi, kitenzi kilibaki.

Mfumo wa Unix, uliotungwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, uliweza tangu toleo la kwanza la 1971 kuyapeleka maandishi hayo kwingine. Alama > ilipoandikwa katika amri, matokeo yaliingia katika faili badala ya kumjia mtumiaji. Mwaka 1973, kwa rai ya Douglas McIlroy, yaliweza pia kupitishwa moja kwa moja hadi programu nyingine. Hapo ndipo tatizo lilipozidi. Programu ilikuwa na mdomo mmoja tu. Jibu na lalamiko vilitoka pamoja, na vilipochepushwa vilikwenda pamoja. Stephen Johnson, mmoja wa watafiti hao, amesimulia jinsi kazi kadhaa zilizopelekwa kwenye mashine ya kupanga chapa kwa picha zilivyoharibika: kilichopatikana ni taarifa ya kosa, imepangwa kwa herufi nzuri kabisa. Baada ya toleo la sita la 1975, Ritchie aliongeza mkondo wa pili, wa makosa peke yake. Kisha programu ya kupokea amri ya Steve Bourne, iliyotoka na toleo la saba mwaka 1979, ikampa mtumiaji uwezo wa kuutaja mkondo huo kwa tarakimu 2.

Msomaji wa jarida hili atavutiwa zaidi na sarufi yake. Amri iliyoandikwa > faili 2>&1 huipeleka mikondo yote miwili katika faili. Ukigeuza mpangilio, 2>&1 > faili, makosa hubaki kiwamboni. Sababu ni kwamba maneno husomwa kutoka kushoto: mkondo wa pili huagizwa kwenda pale ulipo wa kwanza wakati huo, wala haufuatani nao ukihamishwa baadaye. Viambajengo ni vile vile, maana si ile ile. Na mwanafunzi aliyekariri tafsiri bila kuelewa mpangilio hupotea papo hapo.

Kwamba hili si jambo la maabara za mbali linadhihirika hata Endarasha, magharibi mwa Kieni, kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Tuseme kijana wa huko anatunga skripti ya kuwajibu wakulima wa viazi kwa simu. Kila neno linalochapishwa na skripti hiyo ni sehemu ya jibu. Akitia mistari ya kusaka kasoro, mkulima atasomewa mambo ya ndani ya programu, au jibu litakataliwa kabisa. Hana budi kuyapeleka maandishi ya uchunguzi katika faili.

Je, tendo hilo tuliiteje? "Kuelekeza upya" ni tafsiri ya neno kwa neno, tena yenye dosari: maji yanayogeuziwa shamba jingine hayakuelekezwa mara mbili. Napendekeza "kuchepusha". Mzungumzaji wa Kikuyu anaijua mũtaro, jamaa ya mtaro wetu, na anajua kazi ya kuziba hapa na kufungua pale. Najua kwamba Tanzania "mchepuko" umekwisha kuwa jina la hawara, na darasa litacheka. Na licheke, "mchepuo" wa masomo na "barabara ya mchepuko" havijaacha kutumika kwa sababu hiyo.

Tumetumia nguvu nyingi kubishania tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia lugha ya mtumiaji wa ofisini, na ulifanya vyema. Lugha ya mtunzi wa programu, ambaye ndiye anayeona makosa kabla ya wengine, bado haijapata mradi wa namna hiyo.